Kompaila mtambuka ikikubali kwa mmoja na kugoma kwa mwingine: kifurushi cha zana, kontena, au kujenga kwenye kifaa chenyewe?

Msimbo ni uleule, lakini kwa mwenzenu wa Langoni unajengeka, kwa wa Malindi unakwama kwenye linka (zana inayounganisha vipande vya programu na maktaba), na kwa wa Shela unajengeka vizuri kisha programu inakufa papo hapo inapowashwa kwenye kifaa. Yeyote aliyewahi kutumia kompaila mtambuka, yaani inayojenga kwenye laptopu ya kawaida programu za prosesa nyingine kama ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), ameonja hali hii.

Huku Lamu tunaunda vifaa vidogo vya kupima kina cha maji gatini, ili manahodha wanaosubiri maji yajae wapite mkondo wa Mkanda kwenda Pate wasibahatishe. Kila mmoja wetu ana laptopu yake na mfumo wake: Ubuntu, Debian, na Windows yenye WSL (Linux ndani ya Windows). Intaneti ni bando la simu, na umeme hukatika. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya vikundi vya namna hiyo, ambavyo pwani nzima vipo. Msimamo wangu nautaja mapema: mkiwa wachache na intaneti yenu ni ya kupima, fungeni kifurushi kimoja cha zana pamoja na nakala ya mfumo wa kifaa, mpeane kwa mkono. Kontena, yaani mazingira yaliyofungwa pamoja na zana zake zote, ni zuri, na nitasema wapi linashinda, lakini watu wengi hulikimbilia kabla hawajajua kinachowasumbua ni nini.

Kwanza jueni tofauti iko wapi

Chukueni kompyuta mbili, inayokubali na inayogoma. Zote ziwe kwenye komiti moja ya Git, saraka ya ujenzi ifutwe kabisa, kisha jengeni kwa `make V=1` au `cmake --build . --verbose` na kila kinachotoka kihifadhiwe kwenye faili. Linganisheni faili hizo mbili kwa `diff`. Msiangalie hitilafu ya mwisho. Tafuteni mstari wa kwanza unaotofautiana. Mara nyingi uko mamia ya mistari juu ya ile hitilafu iliyowatoa jasho, na umekaa kimya tu: njia ya maktaba isiyo yake, au `-I/usr/include` iliyojipenyeza.

Mkosaji wa kawaida hapo ni `pkg-config`, zana inayoulizwa maktaba ziko wapi. Asipoelekezwa, hujibu kwa kuangalia laptopu na kukisahau kifaa. Aliyewahi kusakinisha SQLite (maktaba ya hifadhidata) kwa kazi nyingine anaambiwa ipo. Asiyewahi anaambiwa haipo. Huyu wa pili ndiye mwenye kompyuta inayosema kweli, ingawa ndiye anayelaumiwa. Yule wa kwanza anaweza kukutana na linka ikilalamika `skipping incompatible /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libsqlite3.so`, maana maktaba hiyo ni ya prosesa ya laptopu. Tiba ni kuweka `PKG_CONFIG_LIBDIR` na `PKG_CONFIG_SYSROOT_DIR` zielekee kwenye nakala ya mfumo wa kifaa. Kwa wanaotumia CMake, faili ya zana iweke `CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_LIBRARY` na `CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_INCLUDE` kuwa `ONLY`, na ile ya `PROGRAM` kuwa `NEVER`.

Mkosaji wa pili ni toleo la GCC, yaani kompaila yenyewe. Ubuntu 20.04 ina GCC 9, Debian 11 ina GCC 10, na kati ya hizo mbili kuna badiliko lililokwamisha miradi mingi: GCC 10 ilianza kutumia `-fno-common` bila kuombwa. Kigezo kilichotangazwa kwenye faili ya kichwa (header) bila `extern` kilikuwa kikipita. Sasa linka inasema `multiple definition`. GCC 14 nayo imegeuza kuwa makosa kamili mambo yaliyokuwa maonyo tu, mfano kuita fanksheni ambayo haijatangazwa. Kwa hiyo laptopu mpya inagoma na ya zamani inakubali, wala hakuna iliyoharibika.

Wa tatu ni glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux. Ubuntu 22.04 ina toleo 2.35, Debian 11 ina 2.31, Debian 12 ina 2.36. Kifaa chenye Debian 11 kikipewa programu iliyojengwa kwenye Ubuntu 22.04, kinajibu kuwa `GLIBC_2.34` haikupatikana. Namba hiyo hujitokeza sana kwa sababu toleo 2.34, la mwaka 2021, liliingiza maktaba ya nyuzi (threads) ndani ya libc yenyewe na kubadilisha alama ya mwanzo wa programu. Hivyo karibu kila programu iliyounganishwa na toleo hilo au la juu yake inalidai, hata iwe ya mistari mitano. `objdump -T programu | grep GLIBC_` inaonyesha madai hayo kabla hamjapanda boti kwenda kuifunga gatini.

Wa nne ndiye anayeumiza zaidi. Raspberry Pi Zero ya 2015 na Zero W ya 2017 zina prosesa ya ARMv6. Zero 2 W ya 2021 ina Cortex-A53, ya kizazi cha mbele sana. Kwa umbo zinakaribiana kiasi kwamba ukizishika mkononi unaweza kuzichanganya. Kompaila `gcc-arm-linux-gnueabihf` ya Debian na Ubuntu imesanidiwa kwa ARMv7. Programu yake inakwenda vizuri kwenye Zero 2 W, lakini kwenye Zero ya zamani inakufa na `Illegal instruction`. Wengi huongeza `-mcpu=arm1176jzf-s` wakidhani wamemaliza. Haitoshi, kwa sababu vipande vya kuanzishia programu na maktaba ya libgcc vinavyokuja na kompaila hiyo vilishajengwa kwa ARMv7, navyo huingia ndani ya programu bila kujali mmeandika nini. `readelf -A programu` itawaonyesha `Tag_CPU_arch`. Mkiona v7 na kifaa ni Zero ya zamani, kompaila hiyo si yenu.

Wasiotibika kwa njia yoyote kati ya nitakazolinganisha ni hawa. Ujenzi unaofeli leo na kufaulu kesho kwenye kompyuta ileile: jaribuni `make -j1`. Ukifaulu, ama Makefile haijataja utegemezi fulani, ama RAM imekwisha na kerneli ikaiua kompaila, jambo ambalo `dmesg` italionyesha. Laptopu ya gigabaiti 4 ikipewa `-j8` ya msimbo wa C++ huishia hapo mara nyingi. Halafu kuna aina ya data `char`: kwenye x86, prosesa ya laptopu, ina alama ya kutoa, kwenye ARM ya Linux haina, kwa hiyo kipimo hasi kinachosomwa sawasawa kwenye laptopu kinageuka kuwa namba kubwa kifaani. Andikeni `int8_t`. Na `#include "Kihisi.h"` wakati faili inaitwa `kihisi.h` hupita kwenye Mac na Windows, ikagoma kwenye Linux. Haya yanarekebishwa kwenye msimbo wenyewe.

Kifurushi cha zana

Hapa mnakuwa na faili moja ya tar yenye kompaila, linka, na nakala ya maktaba na vichwa vya mfumo wa kifaa. Kila mmoja anaifungua mahali palepale, na hakuna anayetumia kompaila ya mfumo wake. Mnaweza kuitengeneza wenyewe kwa crosstool-NG au kwa Buildroot, ambayo amri yake `make sdk` hufunga kila kitu pamoja. Bootlin nao hutoa vifurushi vilivyokwisha kujengwa, ukiwemo `armv6-eabihf`, ambao ndio unaotakiwa na Zero za zamani. Bado muangalie glibc iliyomo ndani isiwe mpya kuliko ya kifaa.

Faida yake huku kwetu ni kubwa. Inapakuliwa mara moja na mtu mmoja, kisha inakwenda kwa flashi kutoka Mokowe hadi Shela bila kugusa bando la mtu. Haihitaji huduma inayoendelea nyuma ya pazia, haili RAM ya ziada, na laptopu ya zamani inaimudu. Miaka mitatu baadaye tar ileile inatoa programu ileile, mradi mmeitunza na mmeandika `sha256sum` yake (muhuri wa kutambulisha faili) ndani ya ripo.

Ina mitego ambayo lazima ijulikane. Msikifungue kifurushi juu ya flashi yenyewe. Flashi nyingi huja na FAT32 au exFAT, mifumo isiyojua viungo vya alama (symlinks) na isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo. Vichwa vya kerneli vina faili kama `xt_MARK.h` na `xt_mark.h` katika saraka moja. Kwenye flashi ya namna hiyo moja inaifuta nyingine, na ujenzi unakuja kugoma mahali pasipohusiana kabisa. Bebeni tar ikiwa imefungwa, mkaifungue kwenye diski ya Linux. Kwa wenye WSL, hiyo ni ndani ya saraka ya nyumbani ya Linux, si chini ya `/mnt/c`.

Mtego mwingine ni wa wanaonakili mfumo kutoka kwenye Pi kwa `rsync`. Baadhi ya viungo humo huanza na `/`, kwa hiyo vikifika kwenye laptopu vinaelekea kwenye maktaba za laptopu. Kwa mmoja maktaba hiyo haipo na linka inagoma. Kwa mwingine ipo ya x86 na hitilafu inakuwa nyingine kabisa. Vigeuzeni viwe vya kutegemea mahali vilipo, kwa `symlinks -cr` ndani ya mazingira ambamo saraka hiyo ndiyo mzizi, au kwa skripti fupi, kabla ya kufunga tar.

Upungufu wa kweli wa kifurushi ni kwamba `make`, CMake, Python na bash bado ni za laptopu ya mtu. Mwenye CMake ya zamani atagoma hata kompaila ikiwa moja. Windows nayo huingiza njia zake kwenye `PATH` ya WSL, na neno `Program Files` lina nafasi katikati. Buildroot ikiona nafasi kwenye `PATH` inakataa kuanza. Wekeni `appendWindowsPath=false` chini ya `[interop]` kwenye `/etc/wsl.conf`. Kwa hiyo pamoja na kifurushi kuwe na skripti fupi inayokagua matoleo ya zana hizo na kusafisha `PATH` kabla ya ujenzi kuanza, nayo ikatae kuendelea ikikuta kasoro.

Kontena

Kontena linaziba pengo hilo hasa: kompaila, CMake, Python na bash zote zimo ndani, sawa kwa kila mtu. Msimbo wenu ukihitaji zana nyingi za upande wa laptopu, mfano vizalishi vya msimbo vilivyoandikwa kwa Python na matoleo yake yanayogombana, hapa kontena linakizidi kifurushi bila ubishi. Mgeni akijiunga na mradi anaanza siku hiyohiyo.

Lakini kontena halileti usawa kwa jina lake tu, na hapo ndipo nawaona watu wakijidanganya. Faili ya Docker (programu ya kuunda na kuendesha makontena) inayoanza na `FROM debian:bullseye` na kufuatiwa na `apt-get install` inaleta kilichopo ghalani siku ile inapojengwa. Wawili walioijenga miezi tofauti wana makontena mawili tofauti yenye jina moja, na tatizo lenu limehamia chumba cha ndani ambako ni gumu zaidi kuliona. Fungeni taswira (image) ya msingi, yaani nakala ambayo kontena hutokana nayo, kwa muhuri wake wa `sha256`, na vifurushi vivutwe kutoka `snapshot.debian.org`, ambako Debian huhifadhi maghala yake ya siku zilizopita. Bora zaidi, mtu mmoja ajenge taswira, wengine waipokee vilevile ilivyo.

Mwenye Mac ya prosesa ya Apple aangalie pia: Docker itamletea taswira ya arm64 huku wengine wakitumia ya amd64. Amri ni moja, kompaila ni mbili. `--platform linux/amd64` inawaweka sawa, kwa gharama ya kasi.

Kuhusu intaneti, si kweli kwamba kontena lazima lipakuliwe na kila mtu. `docker save` inaitoa taswira kuwa faili, `docker load` inaiingiza upande wa pili, na flashi inafanya kazi yake. Tatizo ni uzito. Taswira yenye zana kamili hufika gigabaiti kadhaa kwa urahisi, na ikivuka gigabaiti 4 FAT32 haiwezi kuibeba kama faili moja. Kila mabadiliko madogo yanawarudisha kwenye kubeba upya. Kwenye Windows, Docker hukaa juu ya mashine pepe inayodai RAM yake, na kwenye laptopu ya gigabaiti 4 kinachobaki kwa kompaila ni kidogo. Ndipo ile hitilafu ya kuuawa na kerneli inaporudi, safari hii kwa mtu mmoja tu kati yenu.

Kujenga kwenye Pi yenyewe

Hii huondoa kompaila mtambuka moja kwa moja. Kompaila ya Raspberry Pi OS ya biti 32 imesanidiwa kwa ARMv6, glibc ni ya kifaa, hakuna cha kuchanganya. Kwa programu ndogo ya C inatosha kabisa na ningeanza hapo. Zero ina RAM ya megabaiti 512, kwa hiyo C++ nzito itaishinda. Tumieni Pi 4 yenye mfumo uleule wa biti 32, na muangalie jambo moja: kerneli yake inaweza kuwa ya biti 64 wakati programu zote ni za biti 32. `uname -m` itajibu `aarch64` na skripti za usanidi zinazoamini jibu hilo zitapotoka.

Kisha kuna saa. Pi zilizotangulia Pi 5 hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika na intaneti haipo, kifaa kinawaka kikidhani ni saa ile kilipozimwa au karibu nayo. `make` huamua kipi kijengwe upya kwa kulinganisha nyakati za faili, hivyo faili uliyoleta kutoka laptopu inaonekana ya kesho, au badiliko lako linaonekana la zamani na linarukwa. Ujumbe `Clock skew detected` usipuuzwe. Rekebisheni saa kwa `date -s`, futeni saraka ya ujenzi, anzeni upya.

Njia nyingine, kwa ufupi

`zig cc`, kompaila inayokuja na lugha ya Zig, inastahili kujaribiwa na wenye msimbo wa C mtupu: ni kifurushi kidogo, na inakubali kutajiwa toleo la glibc ndani ya jina la lengo, mfano `arm-linux-gnueabihf.2.31`. Maktaba za nje bado mtazileta wenyewe. Nix na Guix, mifumo ya kusimamia vifurushi, ndizo kali kuliko zote katika kuhakikisha usawa, ila kujifunza kwake na kupakua kwake ni kazi nzima. Sizipendekezi kwa kikundi kinachoanza. Seva ya mbali inayojenga kila komiti inafaa kuliko inavyodhaniwa kwenye intaneti dhaifu, maana unachopandisha ni msimbo tu na unachoshusha ni programu moja. Mtandao ukikatika, hakuna kazi.

Nani achukue ipi

Mkiwa kikundi kama chetu, wachache, laptopu mchanganyiko, msimbo wa C au C++ na maktaba chache: kifurushi, pamoja na skripti ya ukaguzi. Mkiwa Malindi ofisini mna intaneti ya waya, laptopu zenye RAM ya gigabaiti 16 na watu wanaoingia na kutoka: kontena lililofungwa kwa muhuri, na ndani yake mweke kifurushi hichohicho badala ya kompaila ya `apt`. Vikitumiwa pamoja namna hiyo vinafanya kazi vizuri sana, na vifaa vya ARMv6 vinapona pia. Programu ikiwa ndogo na kifaa ni kimoja, jengeni juu yake.

Kuthibitisha kwamba mlichochagua kinafanya kazi, wawili wajenge komiti moja na kulinganisha `sha256sum` ya programu zilizotoka. Mara ya kwanza huenda zisilingane hata kama kila kitu kiko sawa. Njia ya saraka, yenye jina la mtumiaji ndani yake, huingia kwenye programu, `-ffile-prefix-map` inaiondoa. Tarehe ya ujenzi nayo huingia palipotumika `__DATE__`. Wekeni `SOURCE_DATE_EPOCH` iwe wakati wa komiti. Mpangilio wa faili hufuata lugha ya mfumo, basi `LC_ALL=C` iwe kwenye skripti. Zikiendelea kutofautiana, `diffoscope` itawaonyesha sehemu yenyewe. Zikilingana, jaribio hilo lirudiwe kila mnapobadilisha kifurushi au taswira, kabla programu mpya haijapelekwa gatini.